Siri Iliyogeuzwa Ombi

Nyumbani kwa Keziah Kemunto, mtaa wa Malaz mjini Riyadh, kengele ya shule ilikuwa adhana ya adhuhuri. Ikisikika tu kutoka msikiti ulio nyuma ya bakala, lile duka dogo la mtaani, watoto walifunga vitabu wakakimbilia jikoni kunawa mikono. Kabla ya hapo walikuwa wamekaa tangu asubuhi kwenye meza ileile waliyolia chakula, Keziah akizunguka nyuma ya viti vyao, mikono mgongoni, kama alivyozoea kule Nyamira, Kenya. Siku ilianza kwa wimbo mmoja wa sauti ya chini, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi na kwa sababu ya majirani. Kisha sala. Kisha hesabu.

Kabla ya kuja Saudia alikuwa mwalimu wa madarasa ya chini. Mumewe Titus, fundi wa mashine za hospitali, alipopata mkataba Riyadh, Keziah aliacha kazi akamfuata na watoto wao wawili, Alvin na Emmah. Ikama, kibali cha kuishi alichopewa, ilimtambua kama mke wa Titus, basi, hakuruhusiwa kuajiriwa. Watu wakimuuliza kwa nini watoto hawaendi shule, alijibu kwamba shule nzuri ziko mbali na mkataba wa mumewe hauzilipii. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote. Shuleni Nyamira, Alvin alichapwa na kuchekwa mpaka akaanza tena kukojoa kitandani akiwa na miaka saba. Keziah aliliombea jambo hilo muda mrefu, na kadiri alivyoomba ndivyo alivyozidi kuamini kwamba Mungu anamwambia: watoto hawa nimekupa wewe, wafundishe wewe. Titus hakuwa mtu wa kusikia sauti, lakini alimwamini mkewe.

"Wewe ndiye mwalimu," alimwambia. "Mimi nitaleta mkate."

Carol Adhiambo alikutana naye sokoni Batha. Keziah alikuwa ameinama juu ya gunia la unga wa mahindi katika duka la Mhabeshi mmoja, watu wakimsukuma kila upande, aliposikia sauti nyuma yake ikisema, "Dada, huo uko na dudu. Itisha ule wa ndani, huo wa hapa mbele ni wa kuuzia wageni." Aligeuka akaona mwanamke mrefu, mwenye mwanya na kicheko cha karibu, amemshika mkono mvulana wa umri wa Alvin. Walicheka pamoja, wakanunua unga pamoja, wakapanda gari moja kurudi.

Carol alikuwa mtu wa Kisumu. Mumewe Norman alikuwa mhasibu wa kampuni ya ujenzi, na Carol pia alikuwa akifundisha watoto wake nyumbani, Elly na dada yake mdogo. Haukupita muda wakaunganisha masomo. Watoto wa Carol walikuja kwa Keziah kusoma na kujifunza Biblia, wa Keziah wakaenda kwa Carol kujifunza sayansi. Winfred, Mkenya mwingine aliyekaa jengo moja na Carol, akamleta binti yake. Ijumaa, siku ya mapumziko, familia zote tatu zilikutana kuabudu, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Viatu waliviingiza ndani na kuvipanga bafuni, ili mlinzi wa jengo asione msururu mlangoni akaanza kuuliza maswali, maana ibada ya Kikristo haikuruhusiwa huko.

Kwa Keziah, Carol hakuwa rafiki tu. Katika nchi ambayo mama yake alikuwa sauti ya simu na kanisa lake lilikuwa sebule ya mtu, Carol ndiye aliyekuwa dada, jirani na mchungaji. Emmah alipopata homa, Carol ndiye aliyelala naye. Norman alipofiwa na baba yake, Keziah ndiye aliyeosha vyombo vya waombolezaji.

Na Keziah alikuwa na jambo lililomkaba.

Alvin, sasa miaka tisa, alikuwa fundi wa kukariri. Zaburi nzima aliimeza kwa kusikia tu, akaitoa bila kukosea neno, akisimama wima mbele ya watu, na akina mama wakasema huyu atakuwa mhubiri. Siku moja katikati ya somo alikuwa akisoma Zaburi kwa sauti, kidole kikipita juu ya mistari, na Keziah akapita nyuma ya kiti chake. Biblia ilikuwa imefunguliwa kitabu cha Ezra.

Hakusema kitu mbele ya wenzake. Walipoondoka alimketisha mtoto kitandani akamwandikia sentensi moja fupi, akamwomba aisome. Alvin aliikazia macho. Jasho lilimtoka puani. Mwisho akalia.

"Herufi zinacheza, Mama. Nikishika hii, ile inatoroka."

Keziah alimkumbatia ili asiuone uso wake. Mwalimu wa kusoma, aliyefundisha watoto wa wenzake mpaka wakasoma kama maji, na mwanawe mwenyewe hajui kusoma. Mtoto alikuwa amemficha tangu lini? Alijua alichoogopa mtoto: kicheko. Kicheko ndicho kilichowatoa Nyamira.

"Sikiliza," alimwambia. "Hii ni yangu na yako. Tutaishughulikia polepole, sisi wawili."

"Hata Baba hutamwambia?"

"Baba tutamwambia baadaye, ukishapiga hatua kidogo."

"Na Elly je?"

"Elly hatajua. Nakuahidi."

Alijaribu. Kila alasiri, Emmah akiwa amelala, walikaa wawili, mlango umefungwa. Alikata herufi kwa karatasi ngumu. Alimchoresha hewani. Leo mtoto anashika neno, kesho limeyeyuka. Keziah alianza kukosa usingizi, akaanza kumfokea Emmah bila sababu, na mbele za Mungu maneno yakamwishia. Basi asubuhi moja, jikoni kwa Carol, wakikanda unga wa mandazi huku watoto wakipanga mawe ya somo la sayansi chumbani, alifungua mdomo na yote yakatoka. Ezra. Herufi zinazotoroka. Ahadi. Aibu yake yeye mwalimu.

Carol alizima jiko. Alimshika mikono, yote minne imejaa unga, akaomba. Aliomba vizuri Carol. Hakuna aliyekuwa na maneno kama yake. Keziah alilia mpaka kifua kikalegea.

"Hii imefika mwisho hapa," Carol alisema alipomaliza, akimfuta machozi kwa nyuma ya kiganja. "Mimi na wewe na Mungu. Halas."

Keziah alirudi nyumbani akiwa na wepesi ambao hakuwa ameusikia tangu atoke Nyamira.

Baada ya hapo mambo yalianza kubadilika, lakini kidogokidogo, na yeye hakuyaona. Elly alikosa masomo ya Jumatatu. Ana kikohozi, alisema Carol. Keziah alichemsha supu ya kuku, akaenda na Emmah kumpelekea Elly chupa ya supu mpaka mlangoni kwao. Jumatatu iliyofuata kulikuwa na wageni. Nyingine, gari la Norman limeharibika. Kisha binti wa Winfred naye akaacha kuja, na Keziah alipokutana na Winfred kwenye lifti ya jengo lao, Winfred alianza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, akakitafuta mpaka lifti ikafika chini. Titus naye alikuwa akirudi kutoka kazini kimya, anamtazama Alvin kwa muda mrefu wakati wa chakula kama mtu anayetafuta kasoro kwenye mashine. Keziah alidhani ni uchovu.

Ijumaa ya ibada nyumbani kwake ilifika. Siku hiyo walikuwa na mgeni kutoka Jeddah, muuguzi Mtanzania aitwaye Euphrasia, aliyekuja Riyadh kwa mafunzo ya hospitali yake. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti nzito tamu, maarufu kwa maombi katika sebule nyingi za Jeddah. Waliimba kwa sauti ya chini. Alvin alisimama akasema Zaburi yake, hakukosea hata neno. Keziah aliingia jikoni kuangalia pilau, na akiwa huko alimsikia Euphrasia akisema, "Haya, mwanetu Alvin ndiye huyu? Njoo hapa, baba. Njoo mbele."

Alvin alikwenda akitabasamu. Alidhani anasifiwa.

Euphrasia alimwekea mkono kichwani, akafumba macho. "Bwana Yesu, ndiye huyu mtoto ambaye tulikuwa tunafunga na kuomba kwa ajili yake kule Jeddah. Miaka tisa, Bwana, na hajui kusoma, na mama yake ni mwalimu! Ifungue akili yake iliyofungwa, Bwana. Uvunje kila kifungo cha ujinga..."

"Amina," walisema watu.

Keziah alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Alisikia kicheko kidogo kikimponyoka Elly, na mtu akimnyamazisha. Alimtazama Carol. Carol alikuwa amefumba macho kwa nguvu, mikono juu, na amina yake ilikuwa kubwa kuliko za wote. Alvin alifumbua macho chini ya mkono ule mzito. Hakumtazama Euphrasia, wala Elly. Alimtazama mama yake.

Maombi yalipoisha mtoto aliingia chumbani akafunga mlango. Keziah alimfuata. Alikuwa amelala akiuelekea ukuta, viatu miguuni.

"Uliahidi," alisema.

Keziah alirudi jikoni na kumkuta Euphrasia akipakua pilau kwa furaha. Alimuuliza polepole, maana alihofia sauti yake, "Dada, habari za mtoto wangu ulizipata wapi?"

Euphrasia alishangaa. "Kwani si wewe uliyeomba tusimame nawe? Carol alituma kwenye kikundi chetu cha maombi. Alisema mama wa mtoto ameelemewa, anaomba kina mama wafunge kwa ajili yake. Nikasema nikifika Riyadh lazima nimwekee mikono." Kisha akaona uso wa Keziah. Bakuli likatua mezani. "Mungu wangu. Hukujua?"

"Kikundi hicho kina watu wa wapi?"

"Wa Jeddah. Wa Dammam. Na wengine wako huko huko nyumbani, Kisumu, Nairobi..." Euphrasia alijifunika mdomo kwa kiganja.

Keziah aliwahudumia wageni wote mpaka mwisho. Alimpa Carol sahani, Carol akasema asante, mpenzi. Alijikaza mpaka kiatu cha mwisho kikatoka bafuni.

Kesho yake asubuhi alivaa abaya akaenda kwa Carol bila kupiga simu. Carol alimfungulia akiwa na kitambaa cha usingizi kichwani, akamkaribisha chai. Keziah hakukaa.

"Mama Elly, nilikuambia wewe peke yako."

"Na mimi nilimwambia Mungu."

"Ulimwambia Euphrasia. Uliwaambia watu wa Dammam."

"Nilikuombea maombi!" Carol alionekana kuumia kwa dhati. "Uliingia hapa ukilia, Keziah. Ningekaa na mzigo huo peke yangu? Biblia inasema wawili wakipatana. Mimi nikatafuta wengi zaidi. Kuomba kumekuwa dhambi lini?"

"Kumtaja mtoto kwa jina? Kusema mama yake ni mwalimu?"

"Watu huomba vizuri wakijua wanamwombea nani."

"Elly alicheka. Ina maana Elly alikuwa anajua."

Carol alipanga vikombe ambavyo vilikuwa vimekwisha pangwa. "Elly alisikia nikiongea na simu. Ni mtoto."

"Na kikohozi chake? Na gari la Norman?"

Hapo ndipo lile lililokuwa chini lilipopanda juu. Carol aligeuka, na sauti yake haikuwa tena ya maombi. "Sasa ungetaka nifanye nini? Mimi pia ni mama. Elly anatakiwa kufanya mtihani mwaka ujao. Nimwache akifundishwa kusoma na mtu ambaye mtoto wake mwenyewe hajui kusoma? Winfred aliniuliza hivyo hivyo, nikakosa la kumjibu."

Keziah angemsamehe mtu aliyeropoka. Angemsamehe hata mtu aliyejisifu kwa maombi yake. Lakini Carol alikuwa amemshika mikono, akamfuta machozi, na huku akimfuta alikuwa akimpima.

"Nilimletea Elly supu," alisema Keziah. Hakujua kwa nini alisema hivyo. Akaondoka.

Alidhani yamefika mwisho. Lakini siku chache baadaye, akiwa mezani na watoto wake wawili tu, viti vingine vimesukumwa ukutani, Alvin aliinua kichwa akauliza, "Mama, bwenini watoto wadogo hulala kitanda cha chini ama cha juu?"

"Bweni gani?"

"La Nyamira. Baba alisema nitaenda. Alisema atakuambia mwenyewe, nisikuambie." Kisha akamtazama, mkavu kabisa. "Lakini mimi sikuahidi."

Titus aliporudi jioni, Keziah aliwapa watoto chakula akawafungia chumbani na katuni.

"Unampeleka mtoto wangu wapi?"

Titus alivua viatu polepole. "Laban alinipigia." Laban alikuwa kaka yake mkubwa. "Kanisani kwao kina mama wamesimama wakamwombea Alvin kwa jina, mama yangu ameketi pale pale kwenye benchi, hajui lolote. Amelia kwenye simu, Keziah. Anasema tumemleta mtoto jangwani tukamfanya mjinga. Laban ametafuta shule ya bweni, nimeshaomba visa yake ya kutoka."

"Umeomba visa kabla ya kuniuliza?"

"Na wewe uliniuliza?" Titus hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hakuipaza. "Mambo ya mwanangu niliambiwa na Norman. Ananishika bega kwenye maegesho, ananiambia pole ndugu, tunaomba pamoja nanyi. Nikasema amina. Sikujua naitikia nini. Carol alijua. Norman alijua. Mimi baba yake ndiye niliyekuwa wa mwisho."

Keziah alikuwa ameingia akiwa mtu aliyesalitiwa, na bado alikuwa hivyo. Ila sasa mezani walikuwa wawili wenye kidonda kimoja, kila mmoja akimwona mwenzake kuwa ndiye mwenye kisu.

"Nilimwahidi Alvin," alisema hatimaye.

"Ukamwambia Carol."

"Nikamwambia Carol."

Kwa juma zima walizungumza mambo ya chumvi na gesi tu. Keziah alimwambia jambo moja bila kuzunguka: Alvin akiondoka, na yeye ataondoka naye, Emmah akiwa mgongoni. Alipiga magoti kila asubuhi kama kawaida, lakini kusali kulikuwa kama kupiga simu ambayo unahofia kuna mwingine anasikiliza. Aliwahi kumwambia Mungu hivyo, kwa maneno hayohayo: "Sijui ni nani mwingine yuko hapo."

Aliyekata shauri ni Titus mwenyewe. Ijumaa iliyofuata hawakwenda ibada. Asubuhi alichukua kitabu cha hadithi cha Emmah, akamwita Alvin akae naye sofani. "Nisomee baba yako ukurasa mmoja," alisema. Keziah alitaka kuingilia kati, Titus akamzuia kwa jicho. Alvin alianza. Alishika neno la kwanza, akalipoteza la pili, akarudi nyuma. Shingo ilimkakamaa. Kidole kilibonyeza karatasi mpaka kucha ikawa nyeupe. Hakuacha. Titus, aliyezoea kukaa saa nzima na mashine akitafuta waya uliokatika, alimtazama mtoto akipigana na mstari mmoja mpaka akaufikisha mwisho. Kisha akainuka, akatoka kwenye roshani, akasimama huko akiwapa mgongo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Huyu si mjinga na si mvivu," alimwambia Keziah jikoni. "Mjinga hatoki jasho hivyo. Kumbe kule Nyamira alichapwa kwa jambo hili?" Alitoa simu yake mbele ya mkewe akaifuta ile visa. Kisha akampigia mama yake na kuzungumza naye Kikisii muda mrefu, akimeza mengi ya upande ule bila kujibu.

Hospitali ya Titus ilipohitaji fundi katika tawi la Jeddah, aliomba yeye. Walifungasha vitu, wakasafiri kwa gari wakipitia Taif, watoto wakishangilia nyani waliokaa kando ya barabara ya mlimani. Carol hakuja kuaga. Alituma ujumbe: Mungu awatangulie wapendwa, tunazidi kuwaombea. Keziah aliyasoma maneno ya mwisho mara mbili.

Jeddah walipata nyumba Al-Nuzha, karibu na uwanja wa ndege, mahali ambapo ndege zikishuka vikombe hutetema kabatini. Joto lilikuwa la kunata, tofauti na lile kavu la Riyadh. Hawakuwa wamekaa sana mlango ulipogongwa mchana mmoja. Alikuwa Euphrasia, bado na sare ya kazi chini ya abaya, amebeba ndizi za kupika.

"Nimesikia mmehamia," alisema. "Sikuja kwako, dada. Nimekuja kwa Alvin, kama utaniruhusu."

Keziah nusura amfungie mlango. Akamwita mtoto.

Euphrasia hakukaa kwenye kiti. Aliketi sakafuni kwa taabu, na mwili wake ule, mpaka kichwa chake kikawa chini ya cha Alvin. "Baba, mimi ndiye niliyekuaibisha. Sikujua kuwa ni siri, lakini hata kama isingekuwa siri, mtoto hafanyiwi vile mbele ya wenzake. Nisamehe."

"Elly alikuwa hapo," alisema Alvin.

"Ndiyo."

"Nilifikiri unanisifu."

Euphrasia alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Najua. Niliona ulivyokuwa unatabasamu. Silali nikikumbuka."

"Nitafikiria," alisema Alvin, akarudi chumbani.

Keziah alimsaidia mgeni kuinuka. Walipika ndizi pamoja. Baada ya siku kadhaa Alvin, akiwa anafunga kamba za viatu, alisema bila kuulizwa, "Yule mama wa Tanzania anaweza kuja tena." Na Euphrasia alikuja tena, mara nyingi, na hakumgusa mtoto kichwani hata siku moja. Alimpatia Keziah namba ya mwalimu mmoja wa kituo cha watoto aliyejua shida ya herufi zinazotoroka, wakaanza naye. Hakuna muujiza uliotokea. Alvin alisoma kama mtu apandaye ngazi na gunia, akipumzika kila baada ya vidato vichache, na siku nyingine akitupa kitabu. Lakini alisoma. Titus alichukua zamu ya jioni, wakisoma maelekezo ya mashine, kwa sababu Alvin alisema hadithi za watoto zinamchosha.

Kilichokawia kurudi ni kingine. Alvin alikuwa na desturi mpya. Alimwambia mama yake jambo dogo, kwamba amevunja kalamu ya Emmah, au ameota mbwa, kisha akasema, "Usimwambie mtu," na siku zilizofuata alikuwa akisikiliza kama kuna mtu amejua. Keziah alilielewa lile jaribio. Alilifanya kama mtahiniwa, bila kulalamika. Hakumwambia mtu hata juu ya mbwa.

Walianza ibada tena, katika sebule ya watu wa Jeddah. Keziah aliimba, alisikiliza neno, alipika zamu yake ilipofika. Kiongozi alipouliza ni nani mwenye haja ya kuombewa, wenzake walifungua mioyo, mmoja ndoa, mwingine kafili, mwajiri aliyemdhamini, aliyemnyima likizo. Yeye alisema, "Nashukuru Mungu, niko sawa." Alisema hivyo kila Ijumaa. Titus akimsikia alimtazama tu, na wakiwa njiani kurudi alimshika mkono ndani ya gari.

Mwaka uliofuata Carol alipiga simu. Alikuwa akienda nyumbani likizo na watoto, ndege yao inapitia Jeddah na kuna saa nyingi za kungoja. Je, anaweza kufika kuwaona? Keziah alisita, kisha akasema karibu. Alipika samaki, akapika na mboga za majani. Alijua yeye ni Mkristo, alijua anachotakiwa kufanya, na alikifanya kwa mikono yake miwili.

Carol aliingia na kicheko chake kilekile, akamkumbatia, akasifu nyumba. Alikuwa amekonda. Elly, sasa mvulana mrefu, alimpa Alvin mkono, na Alvin akaupokea, akamwonyesha chumba chake. Walikula. Walizungumza habari za Riyadh, nani amehama, nani amejifungua. Norman kumbe alikuwa amepoteza kazi. Ndiyo maana walikuwa wanarudi, na huenda hawatarejea tena. Carol alilisema hilo akitazama sahani, na kwa kitambo sura yake ilikuwa ya mtu ambaye hana pa kushika. Keziah alimhurumia kwa kweli. Alimwongezea samaki.

"Na Alvin?" Carol aliuliza baadaye, ameshusha sauti, ameweka mkono juu ya mkono wa Keziah. "Ile shida yake. Anaendeleaje?"

Macho yake yalikuwa laini, yamejaa maji. Huenda alikuwa anajali. Keziah aliamini kwamba huenda hata siku ile ya unga alikuwa akijali.

"Tuko salama," alisema Keziah, akatoa mkono wake kuchukua birika. "Ongeza chai, Mama Elly."

Carol alielewa. Uso ulimshuka, akainywa chai ile. Ulipofika wakati wa kuondoka, watoto walisimama mlangoni na mabegi, na yeye akanyoosha mikono kama alivyozoea, akitafuta mikono ya wengine. "Tusiachane bila maombi," alisema. "Nianze? Nimwombee kila mmoja."

Alvin alisogea karibu na mama yake.

"Hapana," alisema Keziah kwa upole. "Tuseme Baba Yetu, sote pamoja. Inatosha."

Wakaisema, wakubwa na wadogo, mpaka mwisho. Jina la mtu yeyote halikutajwa. Kisha Titus alichukua funguo akawapeleka uwanja wa ndege.